Jinsi ya Kusema "Konjonktire" Bila Kumtaja Mtu

Ukihamia Likasi, mji wa migodi kule Kongo-Kinshasa, kabla hata ya kujua unga unauzwa wapi, jifunze kusema konjonktire. Wachumi wanaosema Kifaransa wanalitumia neno hili kwa mambo mengi yanayokutana wakati mmoja, mema kwa mabaya. Kwetu mema yaliachwa njiani. Konjonktire ni ukata, ila ukata uliovaa koti na tai.

Usilipoteze kwa tatizo moja. Mshahara ukiishia baa, hiyo ni bia. Konjonktire yataka balaa zifike kwa pamoja, na mwalimu wetu hapa ni Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Utawala wa Rais Mobutu ukakamua fedha zake, vipuri havikununuliwa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Mwaka 1991 wanajeshi wakapora miji. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya mkoa wa Kasai zikafukuzwa Likasi, mafundi wakiwemo, zikalala stesheni zikingoja treni. Mwishoni mwa 1993 sarafu ikabadilishwa: zaire mpya moja ikawa sawa na za zamani 3,000,000. Kufikia 1994 shaba ilibaki kama tani 30,000. Chini ya hapo, tafadhali, sema tu huna hela.

Sasa soma tena habari hiyo: ndani yake kuna waliokula, walioamuru na waliofukuza. Ukisema konjonktire, wote wametoka mlango wa nyuma. Ndiyo kazi yake, kwa hiyo usiiharibu kwa kutaja jina. Sema "konjonktire imekula mishahara". Kamwe usiseme "fulani amekula". Ukitaka kufuzu, jifunze kwa walioandaa mpango wa 2003 uliosaidiwa na Benki ya Dunia: wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, wengi wao wakiwa na miezi mingi bila mshahara, waliondoka kazini, na jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. Hiari!

Chunguza pia unayemwambia. Bosi akimwambia kibarua, neno linafanya kazi vizuri sana. Kibarua akimwambia mkuu wa shule anayedai minerivali, yaani karo, mtoto anarudi nyumbani. Sokoni ndiko kubaya zaidi. Ukianza, "Mama, unajua tu, konjonktire," muuza unga atakujibu, "Na kwangu iko, papa," huku akirudisha meka, kopo lake la kupimia, ya unga guniani. Neno hili huteremka tu, halipandi.

Wala usidhani litazeeka. Leo Kongo inatoa shaba nyingi kuliko enzi yoyote ya Gécamines, na malori yake yanapita Likasi kutoka Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mishahara ikichelewa, sababu inayotolewa bado ni konjonktire.