Mbolea Ina Wenyewe

Mbagala hatukosi wakulima hodari. Yupo mmoja, kucha safi, viatu vinang'aa, shamba lake limestawi vizuri sana daftarini. Mbolea ya ruzuku anaipata. Jirani yake anayemwagilia mchicha bondeni kwa ndoo hana namba ya usajili, basi si mkulima. Labda anafanya mazoezi ya viungo.

Tusishangae. Enzi za vocha za pembejeo, watafiti waliopita vijijini Kilimanjaro walikuta kama asilimia 60 ya vocha zimeangukia kaya za viongozi wa vijiji. Bahati iliyoje! Ruzuku ya mbolea iliporudi mwaka 2022, ikaja na usajili wa wakulima kwa namba. Vizuri. Ila namba haijiandikishi yenyewe. Anayeshika kalamu ndiye wa kumulikwa.