Sifa za Giza la Saa Kumi

Miongoni mwa mambo yote yanayolaaniwa na wapiga picha za treni nchini Uingereza, hakuna lililoonewa kama giza la mapema la majira ya kupukutika majani. Mvua ina watetezi wake, ukungu una mashabiki, na theluji ikianguka watu hukimbilia kamera. Giza peke yake halina wakili. Wanaosimama mwisho wa majukwaa na juu ya madaraja kwa mapenzi tu, bila kulipwa na mtu, huliita mwizi na adui wa lenzi. Wamekosea mtuhumiwa. Katika reli ya Uingereza, giza hilo ndiyo huduma pekee ya umma inayofika kwa wakati.

Msomaji wa Mombasa, ambaye machweo yake hayapishani hata saa nzima mwaka mzima, afahamu kwanza ukubwa wa kazi yenyewe. London, mkesha wa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua huzama yapata saa kumi na moja na dakika 40. Usiku huo saa hurudishwa nyuma, na kesho yake jua linazama saa kumi na dakika 40 hivi. Kufikia katikati ya Desemba limeshazama kabla ya saa kumi kutimia. Katika mteremko wote huo giza halichelewi hata sekunde. Ratiba yake ya mwaka 2090 unaweza kuichapisha leo na ukaiamini. Halijawahi kufutwa kwa upungufu wa wafanyakazi, wala kufika na mabehewa mawili pale yalipotarajiwa manne, wala kumshusha mtu katikati ya safari ili amalizie kwa basi. Hakuna spika inayoliombea radhi kwa sauti iliyorekodiwa. Serikali zenyewe zimejaribu kulisumbua: sheria ya 1916 ilianzisha desturi ya kusogeza mishale ya saa, na kuanzia 1968 hadi 1971 nchi nzima ikajaribu kukaa saa moja mbele kiangazi na kipupwe. Giza likaja vilevile kama lilivyopangiwa na mbingu. Waliosogea ni watu.

Fadhila zake nyingine nazitaja kwa kupita. Jua linaloliaga hushuka chini, likamulika magurudumu na vyuma vya uvunguni ambavyo jua la Juni huviacha kivulini. Giza humrudisha mtu nyumbani mapema. Huipunguzia dunia picha mbovu.

Atasema mtu kwamba sifa hizo hazimpatii picha. Kweli, na hesabu yake haina huruma. Treni ya kilomita 200 kwa saa hukata karibu mita 56 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, treni husogea kama sentimita 6, na hilo linavumilika. Mwanga ukikushusha hadi 1/60, husogea karibu mita nzima na uso wa treni unageuka uji. Ukiongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha inajaa chengachenga. Hata lile bango la taa usoni mwa treni, linaloandika kituo cha mwisho, ni mtego: macho hulisoma bila shida, lakini shata ya haraka huambulia nusu za herufi, maana taa zake huwaka na kuzimika kwa zamu upesi kuliko tunavyoweza kuona. Yote nayakubali. Ila kabla ya kuhukumu, tuulize treni ilipangiwa kupita saa ngapi. Kama ilikuwa ipite saa tisa na nusu, jua likiwa bado linagusa reli, ikaja saa kumi na dakika 50, nani kaiba mwanga? Giza lilitangaza saa yake, na treni ikatangaza yake. Mmoja tu ndiye aliyesema kweli.

Hapo yataletwa majani kuwa shahidi. Majani yaliyoanguka husagwa na magurudumu yakawa utando mgumu na telezi juu ya chuma, breki zikakosa mshiko, madereva wakapunguza mwendo. Si uongo, na Network Rail, shirika linalotunza njia za reli, hutuma treni maalumu za kuosha reli kwa maji ya shinikizo kubwa. Lakini jamani, miti imepukutisha majani kila mwaka tangu kabla George Stephenson, yule mwasisi wa reli, hajazaliwa! Halafu nani aliiacha iote? Zama za mvuke, kando ya reli zilifyekwa kwa kuogopa moto wa cheche; mvuke ulipokwisha mwaka 1968, panga likawekwa chini na vichaka vikawa misitu. Leo jani linashtakiwa na yule yule aliyeulea mti wake.

Mwingine atamtaja O. Winston Link, Mmarekani aliyezipiga treni za mvuke za Norfolk and Western usiku, kati ya 1955 na 1960, kwa taa alizozitega mwenyewe. Kama yeye aliweza, giza lina hatia gani? Nashukuru kwa hoja, inanisaidia. Link alikuwa na ruhusa na ushirikiano wa kampuni ya reli. Mpenzi wa leo jukwaani haruhusiwi hata flashi, na ni haki, isije ikampofusha dereva. Amebaki na mwanga wa mbinguni na ahadi ya ratiba.

Na ahadi hiyo ina wahasibu wake. Kwa miaka mingi treni ya masafa marefu iliyochelewa chini ya dakika 10 ilihesabiwa kuwa imewahi. Ya masafa mafupi ilipewa 5. Mwezi Novemba, dakika 10 ndizo picha yenyewe. Baya zaidi, iliyofutwa kabla ya saa nne usiku wa kuamkia safari iliondolewa kwenye ratiba ya siku, na haikuingia katika takwimu rasmi za treni zilizofutwa. Haikuchelewa, haikufutwa, haikuwapo, na aliyeisubiri darajani na kamera shingoni alikuwa akisubiri kitu ambacho kisheria hakikupata kupangwa. Giza likikabidhiwa kwa mabwana hao, litafutwa saa nne usiku, na asubuhi tutasomewa kwamba takwimu za machweo hazijawahi kuwa nzuri hivi.