Sifa za Kionjo

Wengine wanasifu tamthilia. Mimi nasifu mkia wake: zile sekunde thelathini za mwisho, sauti nzito ikituamuru tusikose sehemu ijayo. Wenyewe wanakiita kionjo, na jina limekaa mahali pake, maana mwonja asali haonji mara moja.

Nasaba yake ni ya heshima. Babu yake ni "itaendelea", neno lililofungia hadithi za magazetini. Mjomba wake ni mchezo wa redio: Twende na Wakati ilipoanza Redio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa wiki, watu walimngoja dereva wa lori aitwaye Mkwaju kwa masikio tu. Babu alisema neno moja akanyamaza. Mjukuu anasema mengi, na bado hajasema kitu.

Fadhila yake ya kwanza ni huruma. Katika kibanda umiza cha huku Yaeda Chini, ambako taa, simu na televisheni vyote vinaitegemea sola moja, yuko mzee anayesinzia tangu wimbo wa kufungulia. Kionjo kikianza anafumbua macho, anaona kofi moja, machozi mawili na gari linalotimua vumbi, anajifunga shuka lake, anakwenda zake. Siku ya mnada ndiye msimulizi mkuu, na sisi tuliokesha tunamsikiliza kwa adabu.

Fadhila ya pili ni elimu. Juzi kionjo kilimwonyesha mama mkwe ameshika kisu, kisha mkaza mwana akipiga ukunga. Kibanda kiligawanyika: kina mama wakamlilia binti, vijana wa bodaboda wakawekeana dau la soda. Sehemu yenyewe ilipofika, mama mkwe alikuwa anamenya embe, na ukunga ulikuwa wa panya, siku nyingine, nyumba nyingine. Ni mwalimu gani angetufundisha kwa nusu dakika kwamba mambo mawili yakifuatana, si lazima moja limezaa jingine? Somo tulilielewa vizuri sana. Usiku uleule kikaja kionjo kipya, cha bastola, na dau likapanda.

Fadhila kuu nimeijulia porini. Wahadzabe wa bonde hili wana mwenzao, ndege mdogo mwonyesha asali. Wanampigia mluzi, naye anaitika, anaruka mti hadi mti akilia, mpaka kwenye mbuyu wenye nyuki. Nilidhani huyo ndege ndiye kionjo, na sisi watazamaji ndio warina asali. Kumbe nilikuwa nimeshika mfano kichwa chini miguu juu. Mara nyingi warinaji wakishapata asali, masega yanayobaki huyafukia au huyachoma, ndege asiipate ile nta anayoipenda. Akishiba, ataonyesha mti wa nini? Akibaki na njaa, kesho ataita tena.

Hapo nikawapigia saluti watengenezaji wa vionjo. Wametuonjesha, wakafukia masega. Ndege ni sisi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikilaani kionjo. Ukipita huku Jumatatu saa mbili usiku utatukuta kwenye mabenchi, tumewahi, sola ikiruhusu. Tunataka kujua ile bastola ilikuwa ya nani, ingawa sote tunajua itakuwa ya mtoto, na ya maji.