Tundu la Mbele, Tundu la Nyuma: Mwongozo wa Kuwatambua Wanyama wa Mwambani

Huhitaji shahada. Unahitaji bamvua, kandambili usizozionea huruma, na sauti ya mtu aliyezoea kusahihisha mitihani. Nenda upande wa mashariki wa Unguja maji yakipwa, ukifuatwa na watoto wa ndugu zako wa kukusikiliza. Usimwonee wivu aliyekwenda Serengeti. Simba, tembo, twiga na mtalii mwenyewe wote ni faila moja, yaani kundi kuu moja la wanyama, na amelipa pesa nyingi kuitazama hiyo hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Wewe mwambani utakuta faila saba au nane kabla jua halijakuchoma sawasawa.

Kanuni ni moja: sura inadanganya, usiitazame. Faila ni ramani ya mwili, na ramani husomwa kwa kuuliza chakula kinaingilia wapi na taka zinatokea wapi. Kwa kuwa tuna watoto, tutasema tundu la mbele na tundu la nyuma.

Kitu kimeganda kwenye jiwe, kina matundu tele na hakuna hata moja lililo mdomo? Sifongo. Maji huingilia vitundu vidogo na kutokea kwenye kikubwa. Hana tumbo, hana neva, hana haraka. Pita.

Tundu moja tu, linalopokea chakula na kurudisha mabaki? Watoto watasema "ee!", waache. Hao ni Knidaria, yaani yavuyavu, matumbawe na jamaa zao. Uthibitisho wao ni seli zinazochoma, na hakuna kipimo cha haraka kama kuguswa nao. Kazi hiyo mpe shemeji.

Minyoo ni faila kadhaa zilizounganishwa na kuchukiwa tu. Minyoo bapa wana tundu moja, isipokuwa tegu, ambaye hana hata hilo: anaishi ndani ya chakula kilichokwisha kusagwa na mwingine, basi anakifyonza kwa ngozi. Chango ana matundu mawili na mwili laini usio na pingili. Mwenye pingili ni wa ukoo wa nyungunyungu na ruba. Ukiwachanganya usihuzunike. Carl Linnaeus, Mswidi aliyejitwisha kazi ya kuwapanga viumbe wote, mwaka 1758 aliwatia minyoo, pweza, yavuyavu na viti vya pweza katika kapu moja la "minyoo", na hadi leo anaitwa baba wa fani.

Sasa tufike mahali pa kujipatia sifa. Vile vigamba vyeupe vinavyokata nyayo, vilivyoganda kwenye mawe na matumbo ya majahazi, kila mtu atakuambia ni ndugu wa chaza. Hata Cuvier, Mfaransa mwenye jina kubwa, aliwaweka upande huo. Chuchumaa kwenye dimbwi ambamo vingine bado vimezama, unyamaze. Vibao vya juu vinaachana. Linachomoza fungu la nywele zilizopinda, linachota maji, linazama, linachomoza tena. Hizo si nywele, ni miguu, na ina maungo. Mnyama amejigandisha kwa kichwa, miguu juu, anajilisha kwa kupiga mateke. Miguu yenye maungo na ngozi ngumu inayovuliwa mwenyewe akikua ni alama za Arithropoda, kwa hiyo huyu ni jamaa wa kaa, kamba, nge na mbu. John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi la Uingereza, alilitangaza hilo mwaka 1830 baada ya kuwafuatilia wachanga wao. Darwin akaja kuwachunguza kwa miaka 8. Wewe umetumia dakika tano, lakini usiseme. Toa kauli kana kwamba ni yako.

Moluska ni laini, ana mguu wa nyama na joho linalomtengenezea gamba. Pweza amelitupa gamba, akabaki na mioyo mitatu na damu ya samawati. Mama mwenye chuma cha kuchokolea pweza akipita, usimfundishe lolote, maana atakuuliza, "Mwanangu, unamtafuta pweza au unamhutubia?" Na konokono wa umbo la koni, mwenye nakshi za kupendeza, mtambue ukiwa mbali. Ana mshale wa sumu, na aina zake fulani zimekwisha kuua watu. Hapa sifanyi mzaha.

Kwa Ekinodermata, hesabu sehemu za mwili hadi tano. Mgeuze kiti cha pweza uone mamia ya viguu vinavyoendeshwa kwa maji, kisha umrudishe. Jongoo bahari naye amezificha tano zake katika mistari inayotoka mbele kwenda nyuma. Huyu mzee hupumua kwa tundu la nyuma. Kuna samaki wembamba wanaoingia humo na kufanya makazi. Ukimuudhi, baadhi ya aina zake humwaga matumbo nje. Ndiye huyo anayekaushwa na kusafirishwa hadi Hong Kong kwa ajili ya karamu.

Mwisho, kifuko kinachorusha maji ukikibana. Kivulie kofia. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kovalevsky alionyesha kwamba kikiwa kichanga kina mkia wenye fimbo laini ndani yake, alama ya faila yetu ya Kodata. Halafu hujigandisha na kuufyonza mkia wake. Ni ndugu yako wa karibu kuliko pweza, pamoja na akili zote za pweza.

Kiti cha pweza pia ni jamaa yetu. Katika tawi letu, kwa kawaida tundu la kwanza la kiinitete huelekea kuwa la nyuma, mdomo unafuata baadaye. Mtoto akiuliza kama hata mjomba alianza hivyo, jibu ni ndiyo. Mwenye swali la pili aelekezwe kwa shemeji, ambaye muda huu anajimwagia siki.