Maji ya Bobi

Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na mgao ukatangazwa Dar es Salaam, nyumbani kwa kaka yangu Kimara kila maji yalikuwa na cheo chake. Ya boza yaliingia kwenye simtanki, ya kunywa na kupikia, na bomba lake wifi alilitia kufuli. Ya kisima cha jirani, yenye chumvi mpaka sabuni haitoi povu, yalikuwa ya chooni na ya kudekia. Yaliyofulia nguo nyeupe yalifulia na za rangi, kisha yakaishia kutuliza vumbi la uani. Katika hesabu yote hiyo Bobi na Chausiku, mbwa wa nyumba ile, hawakuwa na fungu. Wao walikuwa na tairi.

Tairi lenyewe lilikuwa la lori, limepasuliwa likageuzwa birika na mafundi wa kando ya barabara. Kama chombo halikuwa baya, maana ni zito, halipinduki wala halivunjiki. Ila lilikaa kivulini nyuma ya jiko la nje, hatua mbili kutoka pale panapomwagwa makombo ya ugali. Kila aliyepita na maji yasiyo na kazi aliyamimina humo: yaliyooshewa mchele, yaliyobaki kwenye dumu la chumvi, ya mvua iliyodondoka kutoka kwenye bati. Hayakumwagwa, yaliongezewa tu. Ukipitisha kidole chini ya ukingo unakutana na utelezi wa kijani, mzito, unaobaki ukuchani. Utelezi ule ni bakteria walioshikamana, na maji mapya hayauondoi. Unataka sabuni, brashi na mkono wa mtu, kila siku.

Na kiu haikuwa ndogo. Mbwa hatoki jasho mwilini, ni nyayo tu. Joto lake analitoa kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi inaondoka na maji. Mbwa mzima huhesabiwa mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo Bobi, ambaye hakupungua kilo 30, alihitaji lita moja na nusu au zaidi, na kwa jua la Oktoba zaidi ya hapo. Chausiku alikuwa ananyonyesha, naye mbwa anayenyonyesha huweza kuhitaji mara mbili au tatu ya kawaida yake. Kiu yote hiyo iliishia kwenye tairi.

Asubuhi moja Bobi hakuinuka kumbwekea muuza maziwa. Tulimkuta ukutani, mgongo umejikunja, ametapika povu la njano. Kaka akasema amekula kitu kibovu, aachwe ashinde na njaa, atapona. Wifi akasema ni sumu ya wezi, akaanza kuwataja vijana wa mtaani mmoja mmoja kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Punguza sauti, mwanangu," mama akamwambia. "Mgonjwa yuko hapa chini, si huko barabarani."

Mama alikuwa amekuja kutoka Singida kutibiwa macho. Amechunga ng'ombe na mbuzi tangu utotoni, na sijawahi kumwona akimbembeleza mbwa. Siku hiyo alipiga magoti uani, akashika ngozi ya Bobi juu ya mabega, akaivuta, akaiachia. Ngozi ya mnyama asiyepungukiwa maji hurudi mahali pake papo hapo. Ya Bobi ilibaki imesimama, mkunjo mrefu, ikashuka taratibu. Kisha akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa kavu, zinanata kidoleni, na badala ya wekundu wake zilikuwa na umanjano. Akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba, na weupe wa jicho nao ulikuwa hivyo hivyo.

"Ini limeguswa," akasema. "Mtafutieni daktari wa mifugo leo. Msiende kununua dawa za kubahatisha dukani."

Daktari alikuja na pikipiki, akavaa glovu kabla hajamgusa Bobi. Wifi alipoziona zile glovu aliwaita watoto wote ndani. Mkojo wa Bobi pale sakafuni ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Daktari akauliza mbwa wanakunywa wapi, tukampeleka kwenye tairi. Akawasha tochi ya simu mchana ule, akamulika chini ya ukingo, na pale palikuwa na mavi ya panya, mengine makavu, mengine ya usiku ule ule.

Alitueleza taratibu, na namshukuru kwa hilo. Kuna bakteria waitwao leptospira, wembamba, waliojisokota. Wanakaa kwenye figo za panya bila kumsumbua sana panya mwenyewe, na wanatoka na mkojo wake. Jua na ukavu huwamaliza, lakini kwenye kivuli, tope na maji yaliyotuama wanaweza kuishi kwa wiki nyingi. Mbwa huwapata kwa kunywa, au huingia kwenye mchubuko, puani, machoni. Wakishafika kwenye damu huelekea kwenye ini na figo.

"Na watu je?" kaka akauliza.

"Watu vilevile. Si mliisikia homa ya mgunda?"

Tuliisikia. Julai ya mwaka ule ule, Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza kwamba ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, watu wakiugua homa na kutokwa damu puani, ni huo. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Nyumba nzima ilifuatilia habari ile redioni, na sasa kila siku watoto walikuwa wakicheza na watoto wa Chausiku pembeni ya tairi.

Jioni ile nyumba iligeuka. Daktari alichukua damu ya kupimwa, akamchoma Bobi sindano, akamtundikia dripu kwenye nondo za dirisha la jikoni, na kaka, ambaye siku zote husema mbwa ni mlinzi si mtoto, akakaa chini kumshika mguu usichezecheze mpaka chupa ikaisha. Wifi alivaa viatu vya mvua na glovu za mpira, akamwagia sakafu dawa ya klorini, akasugua mpaka giza likaingia. Watoto walioga kwa maji ya boza. Tuliambiwa atakayepata homa aende hospitali na aseme wazi kwamba kuna mbwa mgonjwa nyumbani. Chausiku na wanawe walihamishiwa stoo, mbali na Bobi, kwa sababu mbwa mwenye ugonjwa huu naye hutoa bakteria kwenye mkojo wake.

Usiku kukawa na mjadala wa maji. Kaka alipiga hesabu ya bei ya boza. Nilimwambia, na nasimamia neno hilo mpaka leo, kwamba maji usiyoweza kumpa mtoto wako usimpe mbwa wako. Choo kikivutwa mara moja huondoka na lita sita au zaidi, ambazo ni kiu ya Bobi ya siku tatu au nne. Mnyama amefungiwa ndani ya ukuta wetu, hawezi kwenda mtoni kujitafutia. Mgao si sababu ya kumtoa kwenye orodha ya wanywaji. Maji ya kisima nayo mama aliyakataa kabisa: chumvi humtapisha na kumharisha mbwa, na huyu figo zake zilikuwa tayari zimeelemewa. Wifi hakusema kitu. Alitoa ufunguo kifuani, akaenda kufungua bomba la simtanki.

Likabaki suala la chombo. Beseni la plastiki Chausiku alilitafuna ukingo, na kwenye mikwaruzo ya plastiki uchafu hujificha. Sufuria Bobi, alipoanza kupata nguvu, aliipindua kwa mguu. Chungu cha mama kilipoza maji vizuri sana, lakini watoto wa mbwa walikiangusha. Mwisho fundi alimimina zege duara, akaacha shimo katikati, likatosha bakuli la chuma cha pua. Linachomolewa asubuhi na jioni, linasuguliwa kwa sabuni, linarudishwa. Likakaa mbele, karibu na geti, na makombo yakapigwa marufuku kulala nje.

Majibu ya damu yalirudi kama daktari alivyohisi. Bobi alipona, ingawa ilimchukua muda kurudia mwili wake. Kwenye droo kulikuwa na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, imejazwa vizuri. Ya leptospira hakuna aliyekuwa ameiulizia, na ipo. Daktari alipopanga kurudi na chanjo kwa ajili ya Chausiku, kaka alimwomba apitie na kwa jirani mwenye kisima, ambaye mbwa wake wanakunywa kwenye tairi kama lile letu. Jirani alisita kwa sababu ya gharama. Wakakubaliana wachangie nusu kwa nusu, na tairi litobolewe siku hiyo hiyo.