Ushauri kwa Mpokeaji Mpya wa Mabapa ya Kompresa

Umekabidhiwa stoo ya mabapa ya kompresa za injini za ndege, na mzigo wa kwanza uko mlangoni. Usihangaike. Pima urefu, upana na unene. Vikilingana na mchoro, gonga muhuri, kunywa chai.

Ukingo wa mbele, ule unaoipasua hewa, usiutazame. Unene wake ni sehemu chache za kumi za milimita, na mtu mwenye cheo hakodolei macho kitu kidogo hivyo. Ni kweli mchoraji aliutaka uwe na umbo la duaradufu, na msasa wa kiwandani umeuacha butu wenye kona. Ni kweli pia kwamba hewa ikifika penye kona hukurupuka, kisha hupunguza mwendo ghafla, ikabanduka kwenye mgongo wa bapa. Hata ikishika tena, ule utando mwembamba wa hewa unaoambaa juu ya chuma umeshavurugika mapema kuliko ilivyokusudiwa, na nguvu inapotea bure. Sasa wewe ufanyeje? Unene ulikuwa sahihi, na fomu haina mahali pa kuulizia umbo.

Mikwaruzo nayo isikusumbue, hasa kwenye mabapa ya hatua za nyuma. Huko hewa imeshindiliwa na utando ni mwembamba zaidi, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unatosha kuuchafua. Bahati nzuri, huko nyuma hakuna anayechungulia.

Akija mhandisi kulalamika, mtulize kwa kanuni ya dhahabu: makosa hufidiana. Bapa hili limezidi, lile limepungua, wastani uko palepale. Kwa pembe ambayo hewa inatokea nayo, maneno hayo yana ukweli kidogo. Tatizo ni upotevu wa nguvu. Umbo lililotafutwa hadi likapatikana bora ni kama kilele cha kichuguu: ukiteleza kushoto unashuka, ukiteleza kulia unashuka, na mashuko mawili hayazai mpando. Mwaka 2003 Victor Garzon na David Darmofal wa MIT, Marekani, walitumia vipimo vya mabapa halisi ya rota iliyochongwa kipande kimoja, wakayarudia makosa yake kwenye kompyuta kwa bahati nasibu, mara nyingi. Walikuta makosa ya kawaida ya uchongaji yanaweza kushusha ufanisi wa kompresa nzima kwa takriban asilimia 1.

Asilimia 1! Mtu wa stoo anaruhusiwa kucheka. Mlipa bili ya mafuta hacheki, maana hasara hiyo inaendelea kila injini inapowashwa, miaka nenda miaka rudi. Siku akikupigia simu kuuliza mafuta yanakwenda wapi, mwambie ni upepo wa mbisho. Akisema ndege ilikwenda na kurudi, mwambie ulivuma pande zote mbili.