Pikapu Mbili, Betri Moja

Mchungaji alifungua kinywa, ikatoka besi.

Naandika siku tatu baadaye na masikio yangu bado yana moto. Ilikuwa Jumamosi, harusi ya kijana wa Meru na msichana wa Embu, mahema manne meupe nje kidogo ya mji wa Embu, ukoo wa bwana harusi umeteremka kutoka Nkubu kwa mabasi mawili. Watu zaidi ya mia tatu waliinamisha vichwa wakingoja chakula kibarikiwe. Mchungaji akainua maiki, akafumba macho, midomo ikaanza kwenda, na hapakusikika neno. Kilichosikika ni mimi, nyuma ya spika, nikijaribu uzi wa chini kabisa wa gita langu jipya la besi: mngurumo mmoja mrefu, mzito, uliopita chini ya viti na kutikisa soda mezani. Shosho mmoja wa mstari wa mbele akaitikia, "Amina."

Kabla sijahukumiwa, naomba nieleze habari za betri. Na betri haielezeki bila pikapu.

Gita la umeme halina maiki ndani. Chini ya nyuzi kuna vijiti vya sumaku vilivyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, kwenye ule waya huzaliwa umeme mdogo sana, nao hucheza kwa mwendo wa uzi wenyewe: ule mnene wa E mara 41 kwa sekunde, wa A mara 55. Amplifaya inaukuza, spika inausukuma, nawe unausikia tumboni kabla haujafika masikioni. Kifaa hicho cha sumaku na shaba mafundi wanakiita pikapu, na gita langu linazo mbili.

Hilo nililitangaza kwa fahari kwenye kamati ya kanisa. "Gita jipya lina pikapu mbili." Mzee wa kamati alivua miwani. "Mbili? Na sisi kila mwezi tunakodi moja kubeba viti!" Huku kwetu pikapu ni pikapu: ni ile inayotoka Maua na miraa ikikimbia kabla majani hayajanyauka, na ukiisikia nyuma yako unaingia mtaroni mwenyewe bila kuombwa. Nikachora sumaku kwenye karatasi, nikachora waya. Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anavyofanya akisikiliza mtu anayeficha mali.

Lakini kwa nini mbili? Hapa naomba subira, maana jambo hili lilininyima usingizi. Pikapu ya aina hii hudaka kila kinachopita, hata stima ya ukutani. Stima ya Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Noti ya G iliyo chini kwenye besi ni mara 49. Kwa maneno mengine, ukuta wa kila nyumba yenye stima, kuanzia Meru hadi Embu, unapiga G usiku na mchana bila mshahara, na G yenyewe imepanda kidogo. Kwaya yetu inapenda sana kuimba katika G. Kwa miaka tumemlaumu mwimbaji wa sauti ya tatu.

Dawa yake ni ya ajabu. Pikapu ya pili huzungushiwa waya kinyume cha ya kwanza, kisha sumaku yake hupinduliwa. Mlio wa uzi, unaotegemea waya na sumaku pia, unapinduliwa mara mbili na kurudi sawa. Uvumi wa stima haujali sumaku, kwa hiyo unapinduliwa mara moja tu. Ukizifungua pikapu zote mbili sawasawa, nyuzi zinasaidiana na uvumi unajipinga wenyewe, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani na yule yuko nje. Kimya kabisa. Nilipolielewa hili ilikuwa saa saba za usiku, nikamwamsha mke wangu. Alisema ni vizuri.

Mpaka hapo hakuna betri. Leo Fender alipotoa besi yake kule California mwaka 1951, watu walikuwa wakibeba besi ya mbao kubwa kama ghala la mahindi, wakiifunga juu ya gari. Yeye akaleta gita la kuning'iniza begani, lenye vile vyuma vya freti shingoni ili kidole kisikosee noti, ndiyo sababu akaliita Precision. Halikuhitaji betri. Gita la zamani la kanisa letu nalo halihitaji betri. Ni zito kama gunia la makaa, lina kutu, na halijawahi kuzimika. Mimi, miaka sabini na kitu baada ya Fender, nimelipa shilingi 32,000 kununua gita lenye uwezo wa kufa.

Maana ndani ya hili jipya kuna saketi ndogo ya kuongeza besi na kuchonga sauti za juu, nayo inakula betri ya volti tisa, ile ya mraba. Inapendeza, sikatai. Ukiongeza kidogo tu unasikia kama nyumba imeongezewa chumba cha chini. Ila haina swichi. Swichi ni tundu la waya: ukichomeka jeki, betri inaanza kazi, na itaendelea upige usipige, ulale usilale. Hakuna taa ya kukujulisha. Kwenye kijitabu kuna picha ya betri iliyopigwa alama ya X, nikadhani ni onyo la watoto. Basi nililiweka sebuleni kando ya televisheni, waya umechomekwa, limetulia kama ng'ombe aliyefungwa, wageni walione. Mwezi mzima.

Jumamosi lilianza kukoroma wakati wa kumwingiza bibi harusi. Kwanza likakwaruza, kama redio ya betri zilizoanikwa juani mara ya tano. Nikamtazama fundi wa mitambo kwa jicho baya, naye akanitazama kwa jicho lilelile. Nikabadilisha waya. Nikaipiga amplifaya teke, kwa adabu. Sauti ikapungua, ikapungua, ikakata. Bibi harusi alikuwa bado katikati ya zulia, hatua moja mbele na moja nyuma, mita thelathini kwa dakika ishirini, nami sikuweza kuweka gita chini mbele ya kamera. Nikaendelea kupeleka vidole juu ya nyuzi bubu. Nikatikisa kichwa. Nikakunja uso, kama wapiga besi wanavyokunja wanapoguswa na jambo zito. Mtoto wa miaka kama sita akaja kusimama mbele yangu, akatazama vidole, akatazama spika, akageuka: "Mama, huyu anaigiza!"

Nikapanda bodaboda hadi mjini. Duka la kwanza lilikuwa na betri za rimoti. La pili, za tochi. La tatu kijana aliniuliza, "Ya mraba? Ni ya nini, mzee?" Nikamwambia ni ya gita. Akawaita wenzake watatu waje wamwone mtu ambaye gita lake linatumia betri, halafu, kwa huruma ya kweli, akauliza kama nimejaribu kuianika.

Niliporudi, fundi wa mitambo ndiye aliyeninong'oneza. Maiki zake zisizo na waya zinatumia betri hiyohiyo; anazo mbili, na emsii anashika moja tu. Nikaitoa betri ya ile ya pili, nikairudisha maiki mezani juu ya kitambaa cheupe, ikiwa nzuri na tupu. Nilikusudia kumwambia emsii. Nikasema nijaribu uzi mmoja kwanza, nihakikishe. Wakati huohuo emsii, akiona maiki yake imelowa jasho, akaona ni heshima kumpa mchungaji ile safi.

Yaliyofuata mmeshayasikia. Mchungaji alicheka, Mungu ambariki, ila baba wa bibi harusi hakucheka. Emsii akatangaza, "Mwalimu wa gita apumzike, kinanda kitatusaidia." Mpiga kinanda akashusha mkono wa kushoto, akabonyeza kitufe, na besi ikatoka kwenye sanduku kwa saa tatu zilizobaki. Watu walicheza. Hakuna aliyegeuka kuuliza.

Hapo ndipo kicheko kinaniishia. Mwimbaji alipewa bahasha. Mpiga kinanda alipewa bahasha na pesa za mafuta. Mimi nilipewa sahani ya pilau na "Mungu atakulipa", na si kwa sababu ya Jumamosi. Nimelipwa hivyo hata kwenye harusi ambazo sikuharibu kitu. Besi isipokuwepo wageni wanaanza kuondoka mapema, wakiulizwa wanasema chakula kilipoa. Ikiwepo, wanamsifu mwimbaji. Muulize yeyote aliyewahi kucheza nyimbo za bendi ya Les Wanyika nani aliimba, atakutajia John Ngereza kabla hujamaliza swali. Muulize nani alipiga besi, atanyamaza. Ni Tom Malanga. Na bafuni mtu huyohuyo, maneno yakimpotea, ananguruma sehemu ya Malanga.

Haya, gita. Shingo ni nyembamba na tamu, vidole vinakimbia. Kichwa ni kizito na mwili ni mwepesi, kwa hiyo ukiliachilia linainama lenyewe kama shemasi kwenye mahubiri marefu, na mkono wa kushoto unafanya kazi mbili. Kwenye matatu kutoka Nairobi lilitozwa nauli kamili. Mkanda uliponyoka mara moja, likaangukia mguu wangu, likasalimika. Mwanangu amebandika kibandiko cha ndizi kwenye pikapu ya nyuma, na naapa sauti imekuwa bora.

Betri nimenunua kumi. Jeki naichomoa hata nikienda kunywa maji.

Jana jioni simu ililia, ni mzee wa kamati. Nikajua ni habari za Embu, nikaanza kuomba radhi kabla hajasema. Akanikatiza, hakuwa na habari. Jumamosi hii kuna viti mia mbili vya kupeleka Runyenjes, na kwa kuwa nimejaliwa, alitaka kujua kati ya zile pikapu mbili ni ipi iliyo na nafasi.